Kasoro za kuzaliwa: hesabu huharibikia chumba cha kujifungulia

Hospitali mbili za ukubwa unaolingana zinaweza kutoa takwimu za mwaka uleule, ya kwanza ikaripoti watoto 20 wenye kasoro za kuzaliwa katika kila vizazi 10,000, ya pili ikaripoti 150. Msomaji wa haraka ataionea huruma ya pili. Sisi tunaokusanya takwimu hizi huanza kwa kuitilia shaka ya kwanza. Kasoro kubwa za kimaumbile, zikijumlishwa pamoja na zile zinazogunduliwa mtoto akiwa na miezi kadhaa, huwapata takriban watoto 3 katika kila 100, yaani 300 katika 10,000. Hata ukihesabu zile tu zinazoonekana kwa macho siku ya kuzaliwa, 20 ni ndogo mno. Mara nyingi tafsiri yake ni moja: hakuna aliyemvua mtoto nguo akamkagua.

Hesabu yenyewe ni sehemu rahisi, ina kiasi (namba ya juu ya sehemu) na asili (namba ya chini). Kwenye kiasi wanaingia watoto waliozaliwa hai wakiwa na kasoro, waliozaliwa wafu wakiwa na kasoro, na mimba zilizokatishwa baada ya kasoro kugunduliwa, pale ambapo taarifa hizo zinapatikana. Kwenye asili wanaingia watoto wote waliozaliwa, hai na wafu, wenye kasoro na wasio nayo. Unagawanya, unazidisha kwa 10,000. Mimba zinazoharibika miezi ya mwanzo haziingii popote. Nyingi kati yake hutokana na kasoro za kromosomu ambazo hakuna anayeziona, ndiyo maana hatusemi tumepima kasoro ngapi zinatokea. Tunapima ngapi zimekutwa wakati wa kuzaliwa.

Kosa la kwanza huwa kwa watoto wafu. Vituo vingi huwahesabu hai peke yao kwa sababu ndio waliomo kwenye rejesta ya watoto wachanga. Mtoto asiye na fuvu na sehemu kubwa ya ubongo mara nyingi huzaliwa mfu, au hufariki ndani ya saa chache. Ukiwaacha wafu, kasoro hiyo inakaribia kutoweka kwenye ripoti ilhali ipo. Na ukiwaingiza, andika umeanzia wiki ngapi za mimba: WHO hutumia wiki 28 kwa kulinganisha nchi na nchi, lakini zipo nchi zinazoanzia 22 au hata 20. Takwimu mbili zenye mipaka tofauti hazilinganishwi.

Linalofuata ni kukubaliana kasoro ipi inahesabiwa. Ukisoma kwamba 6% ya watoto duniani huzaliwa na kasoro, kisha ukasoma mahali pengine 3%, usidhani mmoja amekosea. Mara nyingi ile ya kwanza imejumlisha pia magonjwa ya kurithi ya damu na ya mwili kushindwa kutumia chakula, ambayo hayaonekani mtoto anapozaliwa. Mpango mpya wa ufuatiliaji haupaswi kuanza na yote. Anza na orodha fupi ya kasoro za nje zinazotambulika bila mashine: mgongo wazi, fuvu lisilofunga, mdomo sungura, utumbo kutokeza nje ya tumbo, miguu kifundo, viungo vilivyopungua, kukosa njia ya haja kubwa. Kasoro za moyo ndizo nyingi kuliko zote, karibu mtoto 1 katika kila 100, lakini bila kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti utakuwa unapima idadi ya vipimo vilivyofanyika, si idadi ya mioyo yenye kasoro.

Vitu vidogo viachwe nje: kinyama kidogo mbele ya sikio, kitovu chenye mshipa mmoja wa ateri, mguu uliopinda kwa mkao wa tumboni ambao ukiusukuma kwa mkono unanyooka. Watoto njiti wana kanuni yao. Kokwa ambazo hazijashuka, au mshipa ulio karibu na moyo ambao haujajifunga, kwa mtoto wa chini ya wiki 37 ni hali ya umri wake, si kasoro. Kituo chenye wodi kubwa ya njiti kikisahau kanuni hii, kiwango chake kinapaa bila sababu.

Ukaguzi ufanyike ndani ya saa 24, mtoto akiwa uchi, kwenye mwanga wa kutosha, kuanzia utosini hadi nyayoni, kisha ageuzwe mgongo uangaliwe wote. Hesabu vidole, mikono na miguu, ukivitenganisha kimoja kimoja. Njia ya haja kubwa ithibitishwe kwamba ipo, isidhaniwe. Kinachokosewa kuliko vyote ni kaakaa. Mkunga anaona mdomo mzima, anaandika “kawaida”, kumbe kaakaa laini nyuma kabisa limepasuka. Kidole kupapasa hakitoshi. Ulimi ushushwe kwa kijiti na tochi imulike hadi kwenye kimio. Hili lina uzito katika takwimu pia, kwa sababu mpasuko wa kaakaa peke yake (Q35 katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa) ni kasoro tofauti na mpasuko wa mdomo peke yake (Q36), na mdomo pamoja na kaakaa ni nyingine tena (Q37). Mtoto mwenye mdomo sungura ambaye hakuangaliwa ndani ya kinywa huangukia Q36 kwa uvivu tu.

Kwenye fomu, andika ulichokiona kabla ya kuandika jina la ugonjwa. “Utumbo nje” haitoshi. Je, kuna ngozi nyembamba iliyoufunika, na kitovu kimeota juu ya mfuko huo? Hiyo ni Q79.2. Au utumbo uko wazi kabisa, tundu likiwa kando ya kitovu, kwa kawaida kulia, na kitovu chenyewe kiko mahali pake? Hiyo ni Q79.3. Kasoro hizi mbili zina visababishi tofauti na hatima tofauti, na kila mwaka huchanganywa. Picha, kwa ridhaa ya mzazi na bila jina, humwezesha mtaalamu wa maumbile aliye mbali kusahihisha msimbo. Ngozi hiyo inaweza kupasuka wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo mabaki yake yaonekane kwenye picha.

Mtoto mmoja ni mstari mmoja. Mwenye mgongo wazi, kichwa maji na miguu kifundo hana matatizo matatu yaliyokutana kwa bahati mbaya. Mgongo wazi ndio uliozaa hayo mawili. Misimbo yote iandikwe, lakini kwenye jumla kuu ahesabiwe mara moja.

Kichwa kidogo kinastahili aya yake. Brazil mwaka 2015, wakati wa mlipuko wa Zika, virusi vinavyoweza kumfanya mtoto azaliwe na kichwa kidogo, ilianza kwa kumhesabu kila mtoto asiye njiti ambaye mzunguko wa kichwa chake ulikuwa sentimita 33 au chini. Desemba ikashusha mpaka hadi 32, na mwaka 2016 ikatenganisha wavulana na wasichana. Watoto walikuwa walewale, kipimo ndicho kilichobadilika. Hata leo, anayetumia mpaka wa hatua mbili za mtawanyiko (standard deviation) chini ya wastani atapata takriban 2.3% ya watoto wenye afya kabisa. Anayetumia hatua tatu atapata chini ya 0.2%. Tumia tepu isiyovutika, ipite juu ya nyusi na kwenye kisogo palipojitokeza zaidi, pima mara tatu na uchukue kubwa. Kipimo hiki, tofauti na ukaguzi, kisubiri saa 24 zipite, kwa sababu kichwa kilichobanwa njiani hubadilika umbo kikirudi.

Swali la mama anaishi wapi huamua takwimu yako inamwakilisha nani. Hospitali ya rufaa hupokea kasoro zilizoonekana kwenye picha za mimba kutoka wilaya nzima, kwa hiyo kiwango chake hakiwezi kuwa cha wilaya. Anayezaliwa kwingine kisha akaletwa kufanyiwa upasuaji asiingizwe kwenye kiasi, maana hayumo kwenye asili. Na kama sehemu kubwa ya wanawake hujifungulia nyumbani, sema wazi kwamba takwimu ni ya hospitali.

Kisha kuna udogo wa namba. Chukua mgongo wazi 8 katika vizazi 12,000: kiwango ni 6.7 kwa 10,000, lakini kwa uhakika wa 95% ukweli unaweza kuwa popote kati ya 2.9 na 13.1. Mwaka unaofuata wakiwa 14 kati ya vizazi vilevile 12,000, kiwango kinaruka hadi 11.7, na upana wake ni 6.4 hadi 19.6. Pana hizo mbili zinaingiliana sana, kwa hiyo tofauti inaweza kuwa ya bahati tu. Na kituo chenye vizazi 5,000 bila mtoto hata mmoja mwenye kasoro fulani bado kinaweza kuwa na kiwango halisi cha hadi 6 kwa 10,000.

Hilo halimaanishi ongezeko lipuuzwe. Thalidomide, dawa ya usingizi ambayo wajawazito waliitumia pia dhidi ya kichefuchefu, iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia 1957 hadi ilipoondolewa sokoni mwishoni mwa 1961, na watoto maelfu walizaliwa na viungo vilivyopungua. Mipango ya ufuatiliaji wa kasoro kama ule wa Atlanta, Marekani, wa 1967 ilianzishwa baada ya hapo ili kuwe na kiwango cha kawaida cha kulinganishia. Ongezeko likitokea, kwanza ulizia kama amekuja daktari mpya, mashine mpya au fomu mpya. Halafu soma faili moja moja na uhakikishe utambuzi. Kasoro zikiwa za aina mbalimbali, kisababishi kimoja hakielekei kuwapo. Zikiwa za aina moja, orodhesha tarehe za mimba kutunga badala ya tarehe za kuzaliwa, kwa sababu mgongo hujifunga ndani ya wiki nne tangu mimba kutungwa, na dawa, homa au ukosefu wa foliki asidi unaoutafuta ulitokea wakati huo, mara nyingi kabla mama hajajua ana mimba.