New Orleans 1984: maonyesho yaliyofilisika geti likiwa wazi

Vijana wanaokuja kujifunza kazi ofisini kwetu hawaachi kuniuliza: kupata hasara na kufilisika si kitu kile kile? Mimi huwajibu kwa habari za ndege mwari aliyevaa kofia ndefu.

Jina lake Seymore D. Fair, kikaragosi wa Maonyesho ya Dunia ya Louisiana. Yalifunguliwa New Orleans, jiji la jimbo la Louisiana huko Marekani, tarehe 12 Mei 1984, kando ya Mto Mississippi, kwenye eneo la maghala ya zamani na njia za reli, na kufungwa tarehe 11 Novemba. Mada ilikuwa mito na maji baridi kama chanzo cha uhai. Siku chache kabla ya kufunga, kampuni iliyoyaandaa ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake, huku wageni wakiendelea kuingia. Maonyesho ya dunia yaliyopata hasara ni mengi, lakini yaliyotangaza kufilisika milango ikiwa wazi ni hayo tu.

Waliokwenda wanayakumbuka kwa furaha, na sishangai. Getini walikaa nguva na mamba wakubwa mno, waliotengenezwa kwa mtindo wa magari ya maandamano ya Mardi Gras, ile kanivali ya jiji, na nguva wenyewe vifua wazi, jambo lililowaudhi baadhi ya watu. Ndani kulikuwa na kitu ambacho mimi mtu wa hesabu nakipenda kuliko vyote: ukuta uliobuniwa na wasanifu Charles Moore na William Turnbull, wenye urefu wa karibu nusu maili. Nyaya za umeme mkubwa zilipita katikati ya eneo, na kuzihamisha kungekula pesa. Basi wakasimamisha jukwaa la mabomba kama yale ya mafundi wa ujenzi, wakalijaza minara, vichwa vya sanamu, wanyama na rangi, na watu wakaenda kupiga picha mbele ya kitu kilichowekwa kuficha nyaya. Laiti bajeti yote ingeandikwa kwa akili hiyo.

Maonyesho yaligharimu takriban dola milioni 350. Waandaaji walitarajia angalau wageni milioni 11. Gawanya kwa siku 184 za maonyesho, unapata karibu watu 60,000 kwa siku. Waliofika wakawa kama milioni 7.3, yaani watu 40,000 kwa siku. Kiingilio cha mtu mzima kwa siku kilikuwa dola 15. Hata ukijifanya kwamba kila mmoja alilipa kiasi hicho kamili, wale milioni 3.7 ambao hawakutokea ni pengo la zaidi ya dola milioni 55 mlangoni peke yake, kabla hujagusa soda, vyakula na fulana ambazo wangenunua.

Tena si kila mmoja alilipa dola 15. Wenyeji wengi walikuwa na tiketi za msimu, wakarudi mara kwa mara jioni joto likishapungua, kusikiliza muziki. Mtu wa namna hiyo analipa mara moja na kuhesabiwa mara nyingi. Hili nimelishuhudia mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilikagua hesabu za tamasha moja ambalo sitalitaja. Picha za usiku ule zinaonyesha uwanja umefurika hadi watu wamepanda ukutani. Nilipofungua bahasha za makusanyo nikakuta vishina vichache vya tiketi, na chini yake bunda la kadi za mwaliko lenye unene wa tofali. Meneja akaniambia, “Lakini mzee, si umeona watu walivyojaa?” Nimewaona, mwanangu. Pesa ndiyo sijaiona.

Tatizo la biashara hii ni kwamba gharama karibu zote hutumika kabla tiketi ya kwanza haijachanwa. Banda limeshajengwa, umeme, walinzi na wafagiaji ni wale wale, ndani wawe watu 10 au 10,000. Na siku iliyopita haiuziki tena, kama kiti cha basi kilichoondoka kitupu.

Kwa nini watu hawakuja? Miaka miwili tu kabla, Knoxville, jimbo la Tennessee, ilikuwa imefanya maonyesho yake ya dunia na kupata wageni milioni 11. Oktoba 1982 Disney walifungua Epcot huko Florida, ambayo ni kama maonyesho ya dunia yasiyofungwa. Kiangazi cha 1984 macho yote yalikuwa Los Angeles kwenye Olimpiki. Na Louisiana yenyewe, iliyokuwa inaishi kwa mafuta, ilikuwa imeanza kubanwa na bei iliyoshuka. (Knoxville nayo haikuwa safi. Siku moja baada ya maonyesho yale kufungwa, wakaguzi wa serikali waliingia katika benki za Jake Butcher, tajiri aliyekuwa mbele katika kuyaandaa. Benki yake kuu ilianguka Februari 1983, na yeye akaishia gerezani kwa ulaghai.)

Sababu hizo zote zinaeleza hasara. Kufilisika ni jambo jingine, na ndipo huwapeleka vijana wangu Vancouver. Expo 86, maonyesho ya dunia ya 1986 ya jiji hilo la Kanada, ilipata zaidi ya wageni milioni 20, jiji likashangilia, na hesabu zilipofungwa ukaonekana upungufu wa zaidi ya dola za Kanada milioni 300. Hakuna aliyekimbilia mahakamani. Mwandaaji alikuwa shirika la serikali ya jimbo, na pesa za bahati nasibu zilikuwepo za kuziba shimo. New Orleans mwandaaji alikuwa kampuni binafsi isiyo ya faida, iliyokopa kwa dhamana za wafanyabiashara wa mjini na kutegemea geti lilipe. Geti lilipokauka, jimbo lilisaidia kiasi likachoka. Mwishoni madeni yalipita dola milioni 100, na miongoni mwa wadai walikuwamo wakandarasi waliokwisha kulipa mafundi wao kutoka mfukoni.

New Orleans ilikuwa imeshaonja kabla. Maonyesho ya pamba ya 1884, miaka 100 kamili nyuma, nayo yaliishia kwenye madeni. Mkurugenzi wake mkuu, Edward Burke, alikuwa pia mweka hazina wa jimbo. Hesabu za jimbo zilipokuja kukaguliwa miaka michache baadaye, akaona ni heri aishi Honduras, na huko ndiko alikofia.

Kinachonikera ni mgawanyo. Ukumbi mkubwa uliotumika 1984 ukawa kituo cha mikutano, leo kinaitwa kwa jina la Ernest N. Morial, meya wa wakati ule, na bado kinaliingizia jiji wageni. Maghala yaliyokuwa yakioza yakageuka nyumba za kuishi na maduka ya sanaa, bei ya viwanja ikapanda. Faida hiyo ni ya kweli, ila haikuingia kwenye daftari la aliyekopesha. Unaweza kumwambia mkandarasi asiyelipwa kwamba mtaa umependeza, utaona atakavyokujibu.

Kulikuwa pia na vibanda vya kuning’inia kwenye waya, vikivusha watu juu ya mto hadi Algiers, ng’ambo ya pili. Mpango ulikuwa viendelee baada ya maonyesho kama usafiri wa kawaida wa kwenda kazini. Lakini ng’ambo ile ilikuwa na kivuko chake tangu karne ya 19, na abiria wa waya hawakutosha. Vilisimama 1985. Minara ilibaki pale mtoni, haina mtu wala kibanda, hadi ilipobomolewa 1994.