Askari wa Kawaida Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani

Anayefungua jalada la askari wa kawaida wa vita vya 1861–1865 akitarajia kusoma mapigano huishia kusoma mahudhurio. Kila baada ya miezi miwili kombania ilihesabiwa ili ilipwe, na karani akaandika: yupo, hayupo, ametoroka, mgonjwa. Hilo la mwisho ndilo hujirudia mno.

Si ajabu. Katika kila askari watatu waliokufa, takriban wawili waliuawa na maradhi. Vijana wa mashambani ambao hawajawahi kuugua surua walirundikwa kambini na maelfu ya wenzao, wengine wakafa kabla ya kusikia mlio wa bunduki. Vyoo vikachimbwa karibu na maji ya kunywa, zikafuata kuhara damu na homa ya matumbo. Chakula cha safarini kilikuwa biskuti ngumu kama tofali, nyama ya nguruwe ya chumvi na kahawa.

Askari wa Kaskazini, yaani wa upande wa serikali kuu uliopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, alilipwa dola 13 kwa mwezi, tena kwa kuchelewa, huku mke na watoto wakizisubiri. Askari weusi walipewa dola 10, na 3 kati ya hizo zikakatwa kwa ajili ya sare. Wanajeshi wa Rejimenti ya 54 ya Massachusetts, kikosi cha askari weusi, wale wale walioshambulia Fort Wagner, ngome ya Kusini, Julai 1863, walikataa kupokea hata senti kwa zaidi ya mwaka, lakini hawakuacha kupigana. Bunge lilisawazisha malipo Juni 1864. Binafsi nauona mgomo ule kuwa ujasiri usiopungua ule wa Fort Wagner.

Ukitaka kumjua mtu mwenyewe, omba jalada la pensheni, ambalo kwa askari wa Kaskazini limetunzwa na Nyaraka za Taifa, Washington. Mjane alitakiwa kuthibitisha ndoa yake. Aliyeolewa utumwani hakuwa na cheti, kwa hiyo majirani na askari waliotumika pamoja na marehemu mumewe walikula kiapo wakieleza nani aliwafungisha ndoa, watoto ni wangapi, hata jina la bwana aliyewamiliki. Familia nyingi hazina kumbukumbu nyingine ya miaka hiyo. Pensheni za askari wa Kusini hazikulipwa na serikali kuu bali na majimbo, basi majalada yao yatafutwe kwenye nyaraka za jimbo ambako askari au mjane wake aliishi baada ya vita.