Picha ya mshono WhatsApp sio kuchekiwa kamili

Kuna hii imani kwamba ukishafanyiwa oparesheni na daktari kakupa namba ya WhatsApp basi kliniki huendi tena, unapiga picha mshono unatuma, akijibu "safi" mambo yameisha. Sio hivyo jamani. Picha inasaidia kweli, inaonyesha kama mshono umeachia au unatoa usaha, na maambukizi mengi ya kidonda yanajitokeza mtu ashatoka hospitali, yanaweza kuja hata ndani ya siku 30 tangu oparesheni, na kama umewekewa chuma mwilini ni mpaka 90, kwa hiyo kufuatiliwa kwa meseji sio uvivu wa daktari kama wengine wanavyosema. Ila simu haishiki joto la ngozi, hainusi, haibonyezi kujua kama kuna usaha umejificha ndani, na kwenye ngozi nyeusi wekundu unasumbua kuonekana hata kwa macho, sembuse picha ya usiku yenye flashi. Ukituma, andika na maneno: homa ipo? maumivu yanazidi au yanapungua? Na damu ikigoma kukatika, mguu mmoja ukivimba au pumzi ikibana, usikae kusubiri tiki za bluu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.