Anayeomba kusaidiwa kufa: tunapimaje uwezo wake wa kuamua?

Nikiitwa kumwona mgonjwa aliyeomba kusaidiwa kufa, yaani daktari ampe dawa ya kukatisha maisha yake, ndugu hudhani nimekuja kuamua afe au asife. Sivyo. Mimi ni daktari wa magonjwa ya akili. Ninachopima ni kama ana uwezo wa kufanya uamuzi huo. Basi nawaomba watupishe, tubaki wawili.

Wengi wetu tunafuata mambo manne waliyoyaeleza watafiti wa Marekani Appelbaum na Grisso mwaka 1988: mgonjwa aelewe anachoambiwa, atambue kuwa kinamhusu yeye, apime njia zilizopo, kisha aseme anachotaka. Simwulizi "umeelewa?" maana kila mtu huitikia ndiyo. Namwuliza, "Ukinywa dawa hii, nini kitatokea?" Akisema "nitapumzika", naendelea: "Halafu?" Mmoja atajibu bila kusita kwamba atakufa. Mwingine atasema wiki ijayo wanawe watakuja kumwona yuko nafuu. Huyo wa pili bado hajaelewa. Natazama dawa anazotumia, homa, maambukizi, usingizi. Aliyechanganyikiwa jioni huenda asubuhi akawa timamu kabisa, kwa hiyo narudi.

Kigumu zaidi ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa. Sheria ya kusaidiwa kufa ya Oregon, jimbo la Marekani, iliyoanza kutumika 1997, inataka mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu wa akili pale tu daktari anaposhuku kuwa ugonjwa wa akili umepotosha uamuzi wake. Lakini mtafiti Linda Ganzini na wenzake walipowauliza madaktari wa akili wa jimbo hilo, katika utafiti uliochapishwa 1996, ni asilimia 6 tu waliokuwa na uhakika mkubwa kwamba wangelitambua hilo kwa kumwona mgonjwa mara moja. Nawaelewa. Mwenye sonona anaweza kukueleza kila kitu sawasawa, ila kila nafuu unayomtajia ameshaikataa kabla hujamaliza kusema, kwa kuwa anaamini hastahili. Hata hivyo, kuwa na sonona peke yake hakumwondolei mtu uwezo wa kuamua, na majonzi ya anayekufa si ugonjwa.

Uwezo pia hupotea njiani. Audrey Parker, mgonjwa wa saratani wa Halifax, Kanada, alikufa kwa msaada wa daktari Novemba 2018, mapema kuliko alivyotaka, kwa hofu kwamba akingoja angeshindwa kutoa ridhaa ya mwisho ambayo sheria ya Kanada iliidai. Tangu Machi 2021, mgonjwa aliyekwisha kukubaliwa na ambaye kifo chake kinatarajiwa anaweza kuiandika ridhaa hiyo mapema. Naliunga mkono badiliko hilo, hasa kwa sababu siku yenyewe ikifika, akikataa kwa neno au kwa ishara, daktari lazima aache.