Bonde na korongo: tofauti ni ipi?

Wengi hufundishwa kwamba korongo ni bonde lenye kina kirefu. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu yapo mabonde yenye kina kuliko makorongo mengi na bado huitwa mabonde. Kinachoyatenganisha hasa ni umbo la kuta na namna ardhi ilivyochimbika.

Bonde ni eneo la chini lililo kati ya milima, vilima au nyanda za juu. Laweza kuchongwa na mto, au na barafu inayoteremka polepole mlimani, au likatokea ardhi ilipopasuka na kipande cha kati kikadidimia. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki ni la namna hiyo ya mwisho. Magenge yake ni makali, lakini toka ukingo hadi ukingo ni makumi ya kilomita, na katikati mna nafasi ya maziwa kama Naivasha, Nakuru na Natron, pamoja na mashamba na miji. Tena, tukisema bonde la Mto Rufiji, twaweza kumaanisha eneo zima ambalo maji yake huishia kwenye mto huo.

Korongo lina kuta zilizosimama, aghalabu karibu wima, na kwa kawaida ni kazi ya maji. Mto hukata mwamba kwenda chini upesi kuliko mvua, jua na upepo vinavyoweza kumomonyoa kingo. Kingo zikiliwa upesi, kuta hulala na mahali pale hugeuka bonde la kawaida lenye umbo la V. Kwa hiyo makorongo hustawi penye miamba migumu, mvua haba, au ardhi iliyoinuka ikaupa mto mteremko mkali. Grand Canyon ya Marekani, iliyochimbwa na Mto Colorado, ina urefu wa kilomita 446. Juu imepanuka hadi kilomita 29 mahali pengine, ila kuta zake bado ni magenge yanayoshuka kwa ngazi, na hilo ndilo linaloifanya iwe korongo.

Mitaro mirefu inayochimbwa na mvua kwenye udongo usio na miti wala nyasi nayo huitwa makorongo. Hiyo yaweza kutokea katika miaka michache tu.

Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, mara nyingi huandikwa "Bonde la Olduvai". Naona "korongo" ni sahihi zaidi, wala si suala la mapambo. Ni mkato wa urefu wa kilomita 48 hivi uliochimbwa na maji katika uwanda wa Serengeti, ukaacha wazi tabaka za majivu ya volkano na tope la ziwa la kale, za chini kabisa zikiwa na umri wa takriban miaka milioni 2. Katika tabaka hizo mwanaakiolojia Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959. Maji yasingelikata ardhi hivyo, tabaka hizo zingebaki zimefunikwa.