Je, wajua kwa nini fainali ya tenisi ya Dallas ilitoweka?

Jumapili ya tarehe 14 Mei 1972, mjini Dallas, jimbo la Texas, Waaustralia wawili walikuwa wamechapana kwa karibu saa tatu na nusu na mshindi bado hajapatikana. Ken Rosewall alikuwa na miaka 37, Rod Laver 33. Kila mmoja alikuwa na seti mbili, na seti ya tano ilikuwa imefika 6-6. Televisheni ya NBC ilikuwa ikiirusha mechi moja kwa moja, na watazamaji walikadiriwa kuzidi milioni 20. Kwa Marekani ya wakati ule, tenisi haikuwahi kutazamwa na umati wa namna hiyo.

Mashindano hayo yaliitwa fainali za World Championship Tennis, kwa kifupi WCT. Yalianza 1971, yakachezwa mara ya mwisho 1989. Yalikuwa na fedha, nyota na kamera. Sasa yaliwezaje kufa?

Ili kuelewa, turudi nyuma kidogo. Kama ilivyo kwenye ngumi, tenisi nayo ilikuwa na ridhaa na ya kulipwa, ila kati ya pande hizo mbili palikuwa na ukuta mrefu. Hadi 1968, mchezaji aliyetia saini mkataba wa kulipwa hakuruhusiwa kugusa Wimbledon wala mashindano mengine makubwa. Rosewall aliingia upande wa kulipwa mwanzoni mwa 1957, akafungiwa mlango kwa zaidi ya miaka kumi. Laver alitwaa mataji yote manne makubwa mwaka 1962, akageuka mchezaji wa kulipwa, na mlango ukafungwa nyuma yake pia. Miaka yao bora waliimalizia wakizunguka miji na kumbi, nje ya mashindano ambayo dunia iliyahesabu.

Hapo ndipo anapoingia Lamar Hunt, mtoto wa tajiri wa mafuta wa Texas. Ndiye mwanzilishi wa timu ya Kansas City Chiefs, na ndiye aliyependekeza jina Super Bowl kwa fainali ya mpira wa Kimarekani. Mwaka 1967, yeye na mpwa wake Al Hill Jr. waliungana na Dave Dixon wa New Orleans kuanzisha WCT. Walisajili wachezaji wanane kwa mpigo, wakiwemo John Newcombe, Tony Roche, Cliff Drysdale na Niki Pilić, wakaja kuitwa Watanashati Wanane. Walivaa nguo za rangi badala ya nyeupe tupu, na mashabiki wakaruhusiwa kupiga kelele. Mwanzo ulikuwa wa hasara. Dixon alijiondoa mapema, Hunt akabaki.

Kwa nini walicheza ndani ya kumbi? Kwa sababu ya majira na mizigo. Msimu wa WCT ulikuja kupangwa kuanzia Januari hadi Mei, na Januari huko Marekani Kaskazini na Ulaya nje ni theluji. Lakini kila mji mkubwa una ukumbi wa mpira wa kikapu au wa magongo ya barafu, wenye viti, taa na joto. Kilichokosekana ni sakafu ya tenisi tu, na sakafu hiyo ilifika ikiwa imekunjwa. Ilikuwa zulia. Linakunjuliwa juu ya mbao, linavutwa hadi mikunjo iishe, wavu unasimamishwa, mechi inaanza. Mashindano yakiisha linaviringishwa tena na kwenda mji mwingine. Juu ya zulia mpira huteleza na kuja chini, hauinuki kama kwenye udongo, kwa hiyo anayeanzisha mpira kwa nguvu na kukimbilia wavuni ana faida kubwa. Ndani hakuna upepo wala jua la kusingizia.

Fainali ya 1972 ilichezwa Moody Coliseum, ukumbi wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Southern Methodist. Wachezaji wanane waliofanya vizuri zaidi kwenye ziara, yaani mashindano ya WCT ya mji hadi mji, ndio waliokwenda Dallas, na bingwa alichukua dola 50,000. Ulinganishe na Wimbledon ya mwaka huohuo: bingwa wake, Stan Smith, alipata pauni 5,000, ambazo hazikufika hata dola 15,000. Kwa mchezaji wa kulipwa, kitovu cha dunia kilikuwa Texas.

Turudi kwenye ile 6-6. WCT ilikuwa imeukumbatia mchezo wa kuvunja sare, yaani taibreki: anayefika pointi saba akiwa mbele kwa mbili anachukua seti. Laver aliongoza 5-4, na mipira miwili iliyofuata ilikuwa yake kuanzisha. Mtu yeyote anayejua tenisi angesema imekwisha. Rosewall akarudisha wa kwanza kwa pigo lake maarufu la mgongo wa mkono, mpira ukapita pasipofikika. Akarudisha wa pili vilevile. Ikawa 6-5 kwake, naye sasa ndiye wa kuanzisha. Marudisho ya Laver yakaishia wavuni. Rosewall, mtu aliyecheza fainali nne za Wimbledon katika maisha yake bila kushinda hata moja, alilia wakati wa kukabidhiwa zawadi. Nikikumbuka ile miaka aliyofungiwa mlango, naona machozi yale yalikuwa haki yake kabisa.

Ziara hiyo ilifika hadi Afrika. Februari 1976 WCT ilikuwa Lagos, juma lile lile ambalo mkuu wa nchi, Murtala Mohammed, aliuawa katika jaribio la mapinduzi. Arthur Ashe na Jeff Borowiak walikuwa katikati ya nusu fainali pale wanajeshi wenye bunduki walipoingia uwanjani na kuisimamisha mechi. Mashindano yalimaliziwa Caracas, Venezuela. Ashe alikuwa bingwa wa Dallas wa 1975, miezi michache kabla ya kushinda Wimbledon.

Basi nini kilichoiua Dallas? Hunt aliwamiliki wachezaji kwa mikataba, na shirikisho la kimataifa lilimiliki mashindano makubwa. Wawili hao wakagombana, na mwaka 1972 wachezaji wa WCT walifungiwa nje ya Wimbledon kwa mara nyingine. Newcombe, bingwa mtetezi, hakucheza. Septemba mwaka huo wachezaji waliunda chama chao, ATP, na rais wake wa kwanza alikuwa Drysdale, mmoja wa wale Watanashati Wanane.

Hapo ndipo penye jibu, kwa maoni yangu. Hunt aliwaonyesha wachezaji thamani yao kwa dola, na mtu akishajua thamani yake hakai tena chini ya mwenye mkataba. Ziara ya Grand Prix, iliyokuwa ya shirikisho la kimataifa, nayo ilikuwa na fainali yake, Masters, kwa hiyo dunia ikawa na mabingwa wawili wa msimu. Mwaka 1978 WCT iliingizwa ndani ya Grand Prix, ikajitoa 1982, ikarudi 1985 ikiwa imebakiwa na mashindano manne tu. Dallas ilikuwa imehamia Reunion Arena, na mabingwa hawakuwa wadogo: Connors, Lendl, Becker, na John McEnroe aliyeshinda mara tano, ya tano ikiwa fainali ya mwisho kabisa, 1989.

Tayari mwaka 1988, kwenye eneo la maegesho nje ya viwanja vya US Open, ATP ilikuwa imetangaza mpango wa kuendesha ziara yake yenyewe. Ziara hiyo ilianza 1990, kalenda ikawa mikononi mwa wachezaji na waandaaji, na fainali yake ikapelekwa Frankfurt. Dallas haikuwa na nafasi. Hunt hakusahauliwa: mwaka 1993 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Tenisi.

Reunion Arena ilibomolewa 2009. Moody Coliseum ingali imesimama, na wanafunzi wanacheza kikapu juu ya mbao ambapo zulia la Rosewall na Laver lilikunjuliwa.