Mashine za molekuli: fundi hayuko, bisibisi hakuna

Barazani kwetu Mji wa Kale, baina ya magharibi na isha, kahawa chungu ikipita mkono kwa mkono, mzee mmoja aliniuliza: "Mwalimu, nasikia kuna mashine zisizoonekana hata kwa hadubini ya shuleni kwenu. Sasa fundi wake hushika bisibisi gani?"

Watu wakacheka, lakini wengi wetu tunaamini hivyohivyo, kwamba mashine hizi hufungwa kipande kwa kipande na kijiroboti fulani. La. Mkemia huchanganya vitu chupani, na molekuli hujipanga zenyewe kwa mabilioni. Ujuzi wake uko katika kuchagua maumbo yanayovutana. Mvuto huo ni dhaifu kuliko viungo vinavyoshika atomu ndani ya molekuli, na heri uwe dhaifu: kipande kilichokaa vibaya huachia, kikajaribu tena. Sabuni ya sufuria ya biriani hufanya vivyo hivyo. Vichwa vyake hupenda maji, mikia hupenda mafuta, basi hujikusanya kuwa vitufe vyenye mafuta ndani. Nani alivipanga? Kemia hii ya supramolekuli iliwapa Jean-Marie Lehn, Donald Cram na Charles Pedersen Tuzo ya Nobel mwaka 1987.

Na molekuli zilizoshikana kama pete za mkufu je? Sonara hukata moja, akaipitisha ndani ya nyingine, akaichomea. Wakemia zamani walibahatisha, wakiambulia pete zilizoshikana asilimia chache tu. Mwaka 1983 Jean-Pierre Sauvage wa Ufaransa alitumia ioni ya shaba, yaani atomu yenye chaji, kushikilia molekuli yenye umbo la hilali ndani ya pete, akaifunga hilali hiyo ikawa pete ya pili, kisha akaiondoa shaba. Alipata pete zilizoshikana asilimia 42.

Dhana iliyonikera zaidi jioni ile ni kwamba hizi ni injini za matatu zilizopunguzwa. Kwa ukubwa huo, gari likizimwa haliserereki hata kidogo, na molekuli za maji huligonga pande zote bila kukoma. Fikiria umati wa feri Likoni asubuhi: unasukumwa mbele, unasukumwa nyuma, wala hufiki popote. Lango likifunguliwa ukapita, likafungwa nyuma yako, msukumo uleule uliokuyumbisha umekuvusha. Katika mashine nyingi za molekuli, nishati kazi yake ni kufungua na kufunga lango. Mota ya molekuli aliyoitoa mkemia Mholanzi Ben Feringa mwaka 1999 iko karibu na hapo: miali ya urujuanimno huigeuza mpaka penye mbano, joto huivusha, na kurudi nyuma haiwezi.

Kuhusu hofu kwamba mashine hizi zitazaana na kuteka dunia, sitapoteza muda. Mota ya Feringa haijitengenezi nakala. Yeye, Sauvage na Fraser Stoddart walipewa Nobel mwaka 2016, na kazi yao kwa sehemu kubwa bado iko maabara.

Lakini zipo za asili, tena mwilini mwako. Kinesini, aina ya protini, hutembea juu ya nyuzi za seli ikiburuta mzigo, hatua moja nanomita 8, yaani sehemu nane za bilioni za mita.

"Na hamali huyo," mzee akauliza, "hulipwa?"

Hulipwa, mzee wangu. Molekuli moja ya ATP, ile inayobeba nishati ya seli, kila hatua.